Mfuko wa pumzi juu ya sufuria za Kigongo

Pantoni ya kwanza bado iko Busisi inapakia, na chai ya Kigongo imeshachemka mara mbili. Rozina Ojuok amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko la mkaa. Mkono mmoja unageuza chapati, wa pili unafukuza nzi, na mdomo unashughulika na dereva wa lori la pamba aliyeanza kulalamika kabla hata hajakaa vizuri.

"Nesi, supu yako leo nyepesi."

"Hiyo ni dozi. Kunywa mpaka uimalize."

"Na nisipopona?"

"Utarudi kesho nikuongezee pilipili."

Watu kwenye benchi wanacheka. Dereva anakunywa.

Mgeni akifika hapa kwa mara ya kwanza hushangaa. Mama huyu anauza chai, chapati, maharage na supu ya sangara kama mama ntilie wenzake wote wa gati hili, lakini hakuna anayemwita mama ntilie. Hakuna hata anayemwita Mama Favour, ingawa binti anaye. Wavuvi, makuli, askari wa zamu na wale vijana wanaouza miwani ya jua kwa watu waliosinzia, wote wanamwita Nesi.

Sababu inaning'inia juu ya sufuria zake. Ni mfuko mweusi wa mpira, mnene kama boga dogo, umefungwa kwenye kitambaa cheupe na kutundikwa kwenye msumari. Mdomoni una kikombe laini cha mpira kinachoenea kwenye kiganja. Kuna waliodhani ni honi ya baiskeli. Kuna mmoja aliyetaka kuununua, akidhani ni bladda ya mpira wa miguu.

"Ni wa watoto," Rozina anasema. "Mtoto anayezaliwa kimya, asiyevuta pumzi. Unamfunika pua na mdomo na hiki kikombe, unaminya mfuko polepole, hewa inaingia kifuani. Unamsaidia kuanza tu. Akishaanza, anaendelea mwenyewe, na kelele zake utazichoka."

Tangu afungue banda hili mwaka 1993, anasema, watoto tisa wamepita chini ya mfuko huo. Wote ni wa akina mama waliokuwa wakivushwa kutoka upande wa Sengerema kwenda kujifungulia mjini Mwanza, uchungu ukawazidi njiani. Saba walilia.

Na wale wawili?

Rozina anageuza chapati ambayo ilikuwa imeshageuzwa.

"Wawili nilipewa wakiwa wamechelewa," anasema.

Sasa mfuko wenyewe uko matatani. Wiki iliyopita alipita Bwana Afya, kijana wa Ukerewe anayeitwa Venant, mwenye shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Alikagua maji, akakagua vikombe, akasifu choo. Halafu akainua macho.

"Shikamoo mama. Hiki ni nini?"

"Marahaba. Ni mfuko wa watoto, Bwana Afya."

"Najua ni mfuko wa watoto. Nauliza unafanya nini juu ya maharage."

Rozina akafunika sufuria ya maharage. Watu wa kwenye benchi, ambao kwa kawaida wana jibu la kila kitu, wakaangalia ziwa.

"Hapa ni jikoni au ni wodi?" Venant akauliza.

"Ni jikoni."

"Basi wodi iondoke. Au jiko liondoke, ibaki wodi. Mwisho wa mwezi nitapita tena, mama yangu, na nitaomba nikute kimoja."

Ungetegemea Rozina amseme vibaya. Hamsemi.

"Ana haki. Moshi, mafuta, nzi, na kitu kinachokwenda kwenye mdomo wa mtoto mchanga? Mimi ningekuwa yeye, ningelifunga banda siku ile ile." Anafuta mikono. "Nilikuwa nakichemsha kikombe kila nikikitumia, lakini kukichemsha na kukitundika palepale ni kama kuoga halafu ukalala jalalani."

Tatizo ni kwamba vyote viwili anavihitaji. Banda ndilo linalolisha watoto wanne na mume, mzee Ojuok, fundi wa nyavu ambaye miguu yake siku hizi inavimba na hawezi kusimama muda mrefu. Siku nzuri linamwachia kama shilingi elfu mbili. Na mfuko akiupeleka nyumbani, nyumbani ni juu kule mlimani, nyuma ya mawe. Mtoto aliyezaliwa kimya hasubiri mtu apande mlima na kushuka.

*

Rozina alizaliwa pembeni ya ziwa hilihili, ila upande wa Mara, karibu na Shirati. Dada yake mkubwa alisomea ualimu Butimba na alitaka Rozina amfuate. Rozina hakutaka chaki. Alitaka gauni.

"Niliwaona wauguzi wakipita barabarani siku ya sikukuu ya wafanyakazi," anasema, na uso wake unakuwa wa msichana. "Magauni meupe, yamepigwa wanga mpaka yanasema kwacha, kwacha. Viatu vyeupe. Nikasema, hata kama kazi yao ni kuzika watu, naitaka."

Akaipata. Miaka ile ya sabini ukifaulu ulipelekwa kusoma, ukalishwa, ukapewa gauni, ukapewa na nauli ya kurudia likizo. Anaikumbuka harufu ya wodi ya wazazi kama wengine wanavyokumbuka harufu ya jikoni kwa mama yao: dawa ya sakafu, maziwa, na nguo zilizotoka kuchemshwa. Asubuhi redio ya mkuu wa wodi ilisoma taarifa ya habari, nje kulikuwa na foleni ya uji, na mama aliyejifungua aliondoka na mtoto wake bila kuulizwa kitu zaidi ya jina.

"Leo anakuja na glovu zake, wembe wake na nailoni yake ya kulalia. Akisahau kimoja, ndugu wanakimbia dukani." Anacheka kidogo. "Ila dukani vipo. Zamani ungekimbia mpaka Musoma usivipate. Sijui nisemeje. Zamani tulikuwa na roho, hatuna glovu."

Mwalimu wake wa ukunga alikuwa mtawa, Sista Justa, mama mfupi aliyetembea kama anachelewa treni. Huyo ndiye aliyewafundisha mfuko. Aliwasimamisha wanafunzi wote mstari mmoja, akawaambia wazibe pua wasivute hewa, halafu yeye akaanza kusimulia habari za kuku wake. Alisimulia jogoo, akasimulia mitetea, akasimulia banda. Wanafunzi wakaanza kuachia mmoja mmoja, wakihema.

"Akatuambia, huyo mtoto naye alikuwa anangoja nyie mmalize kutafuta taulo. Basi. Hakutueleza zaidi. Mpaka leo mtoto akitoka kimya namsikia Sista na jogoo wake."

Kabla ya hapo, huko kwao, Rozina alikuwa ameona njia nyingine. Mtoto akizaliwa kimya, bibi alimmwagia maji ya baridi, au akamning'iniza kichwa chini na kumpiga makofi, huku shangazi akigonga jembe kwa chuma karibu na sikio lake, ngo, ngo, ngo, ili ashtuke arudi. Rozina hawacheki. "Walikuwa wanahangaika na walichonacho. Mmoja katika kumi jembe lilimwamsha, na huyo mmoja ndiye aliyesimuliwa ukoo mzima."

Alifanya kazi miaka kumi na saba. Mshahara wake wa mwisho haukufika shilingi elfu kumi. Halafu ukaja wakati wa kupunguza watumishi, na jina lake likawa miongoni mwa waliopunguzwa. Hospitali yenyewe anaomba isitajwe. Hakuna aliyemkosea, anasema, upepo ulikuwa unavuma kwa wote.

Siku ya kuwaaga, waliopunguzwa walipewa zawadi. Mpishi alipewa blanketi. Dobi alipewa redio ya mbao. Rozina alipoulizwa anataka nini, akasema anataka ule mfuko wa zamani uliokuwa unangoja kutupwa kwa sababu wodi ilikuwa imeletewa mipya.

"Mkuu wa wodi akanishangaa. Akasema, Rozina, blanketi utajifunika, huu utaufanyia nini? Nikasema sijui. Kweli sikujua. Niliona tu nikiondoka bila huo, mikono yangu itakaa wapi?"

Wakampa, na blanketi juu.

Akashuka Kigongo na kiinua mgongo chake, akanunua sufuria. Kila kitu kilikuwa kinaanza wakati ule. Viwanda vya minofu vimefunguliwa mjini, mabaki ya samaki, mapanki, yanauzwa kwa mafungu, kila mwenye mbao nne ana duka. Vijana waliokuwa wavuvi wamekuwa mawakala, na mawakala wamekuwa matajiri. Furu wale wadogo watamu wa utoto wake wamekwisha ziwani, wameliwa na sangara, na sangara anakwenda Ulaya kwa ndege. Rozina anasema hilo bila uchungu, kama mtu anayetaja majirani waliohama.

Mfuko akautundika kwenye msumari. Mama wa kwanza alifikishwa pale hata mwezi haujaisha.

*

Mwandishi aliporudi Kigongo mwezi uliofuata, fundo la Bwana Afya lilikuwa limeshafunguliwa, na aliyelifungua hakuwa Rozina. Ni Adongo.

Adongo anauza mayai ya kuchemsha na karanga ndani ya pantoni. Ni mwanamke mrefu, sauti yake inafika Busisi kabla yake, na siku nzima huwa anavuka tu, kwenda na kurudi, beseni kichwani. Amesoma mpaka darasa la nne. Yeye na Rozina wanazungumza Kijaluo wakiwa wawili na Kiswahili wakitaka watu wasikie.

Siku moja Rozina alikuwa anamlilia habari za Bwana Afya. Adongo akamsikiliza, akamenya yai, akalila mwenyewe, ishara kwamba jambo ni zito.

"Dada Rozina, nikuulize kitu usikasirike?"

"Uliza."

"Wale wanawake wanatoka wapi?"

"Si Sengerema huko. Geita. Buchosa."

"Wanaingojea pantoni upande gani?"

"Busisi."

"Uchungu unawashika wapi?"

"Busisi. Au majini."

"Na mfuko umeuweka wapi?"

Rozina anasema aliangalia msumari, akaangalia maji, akaangalia tena msumari. Miaka miwili. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza, wala yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Hospitalini mama ndiye humfuata mkunga. Mkunga anakaa, vifaa vinakaa, mzazi analetwa. Na yeye alikaa Kigongo vilevile, amefunga kilemba chake cheupe, anangoja waletwe.

"Wale wawili," anasema sasa, taratibu, "walizaliwa pantoni ikiwa katikati ya maji. Mimi nilikuwa huku nakaanga."

Basi mfuko ungevuka. Na kwa kuwa Rozina hawezi kuacha jiko, angevuka nao mtu ambaye tayari anavuka kutwa. Adongo aliposikia jina lake likitajwa alitaka kuondoka na beseni lake.

"Mimi muuza mayai."

"Kwa hiyo unajua kushika kitu kisivunjike."

Adongo akatua beseni.

Wakaenda kwa nahodha. Nkwabi ni Msukuma wa Misungwi, mtu wa maneno machache, na yote amekwisha kuyapanga. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa.

"Nesi, nakuheshimu. Lakini hiki ni chombo cha serikali. Mtoto akifia humu bila mfuko wako, ni mapenzi ya Mungu. Akifia humu na mfuko wako mdomoni, ni faili."

"Na akipona?"

"Akipona hakuna faili, na hakuna atakayekumbuka. Faili ndilo linalokumbukwa."

Rozina hakubishana naye. Kesho yake alimpelekea supu, hakutaja mfuko. Keshokutwa supu tena. Siku ya tatu Nkwabi akaweka kijiko chini.

"Mimi sitaki kitu chochote kitundikwe kwenye chombo changu," akasema. "Lakini abiria akipanda na mzigo wake, mimi mzigo wa abiria siupekui. Kila abiria anaruhusiwa mzigo mmoja."

"Adongo ana beseni la mayai. Mfuko ni mzigo wa pili."

"Mzigo wa pili unalipiwa. Ongea na Mayala."

Mayala ndiye mkata tiketi. Yeye alitaka chapati mbili kila asubuhi, na mazungumzo yakaishia hapo. Mpaka tunaandika haya, mfuko wa pumzi wa Kigongo huvuka ziwa kihalali kabisa, kama mzigo wa ziada wa muuza mayai.

*

Kazi iliyobaki ilikuwa mikono ya Adongo.

Rozina alishona mdoli wa matambara, mkubwa kama mtoto aliyezaliwa jana. Kifuani akamtia mfuko wa nailoni, rambo, akaunganisha na kipande cha mrija mpaka mdomoni. Ukiminya vizuri, rambo linajaa na kifua kinapanda. Ukikosea, hakuna kinachotokea, au kinatokea kibaya zaidi.

Watu wa benchi wakampa mdoli jina la Mheshimiwa, kwa sababu hafanyi kitu mpaka apuliziwe. Uchaguzi wa vyama vingi ni mwaka huu, na jina limeenea gati zima.

Mara ya kwanza Adongo aliminya kwa mkono mzima. Rambo likapasuka, paa, mpaka kuku wakakimbia.

"Umemuua Mheshimiwa," dereva mmoja akasema.

"Atachaguliwa hivyo hivyo," akajibu mwingine.

Rozina hakucheka. Alimshika Adongo vidole. "Usikamue, hii si ndimu. Vidole viwili na gumba. Mapafu yake ni madogo kama majani mawili ya mchicha. Unaminya mpaka uone kifua kimepanda, basi, unaachia. Minya, achia. Minya, achia. Usiangalie mfuko. Angalia kifua."

Rambo la pili likapona. Shida ikawa shingo. Adongo alikivuta kichwa cha mdoli nyuma sana, kama mtu anayetazama ndege, na hewa ikagoma kupita. Rozina akakunja kitambaa, akakiweka chini ya mabega.

"Hivi. Kama anayenusa chakula cha jirani. Ukimpindua sana unamfunga koo, ukimwacha ainame unamfunga koo."

"Na mafuta yale ya kuzaliwa? Si atateleza?"

"Kwanza unamfuta. Mfute sana, mgongo, miguu, kama unayemkaushia mvua. Wengi hapo hapo wanalia, mfuko huugusi. Asipolia, mdomo unaufuta, unamlaza, unaminya. Mama yake mwachie wanawake wengine."

Ikawa hivyo kila jioni kabla ya kufunga, majuma mawili. Adongo akaanza kufanya huku anaongea, kisha huku anauza. Kuna jioni alimhudumia mteja wa karanga kwa mkono wa kushoto, Mheshimiwa anapumua kwa wa kulia.

Bwana Afya alipopita mwisho wa mwezi alikuta msumari mtupu. Akaonyeshwa ndoo nyeupe ya mfuniko ambayo Rozina aliinunua sokoni Mirongo, na ndani yake mfuko, kikombe kilichochemshwa, na vitambaa viwili vilivyopigwa pasi. Venant akafungua, akainusa ndoo, akafunga.

"Hii ni safi kuliko ofisi yangu," akasema. Kisha akakaa kwenye benchi kwa mara ya kwanza, akaagiza maharage.

Kila kitu sawa, isipokuwa jambo moja. Adongo alikuwa hajawahi kumshika mtoto wa kweli aliyezaliwa kimya. Na Rozina, ambaye tangu apewe mfuko huo hakuwahi kumwachia mtu, alianza kuunguza chapati.

"Usiku nausikia uko mikononi mwangu," alimwambia mwandishi. "Asubuhi nampa. Pantoni ikiondoka naona kama nimempa mtu mtoto wangu amshikie, halafu sijamuuliza anaitwa nani."

*

Alhamisi, jua limeshapanda. Mwandishi amekaa kwenye benchi na chai ya pili. Rozina anamenya viazi. Pantoni imeshavuka nusu ya maji, inakuja huku, imebeba malori mawili, basi moja na watu.

Rozina anasimama, kisu mkononi.

"Wamegeuka," anasema.

Kwa mbali wanaonekana wanaume wa kwenye pantoni. Wamejipanga kwenye reli ya mbele na ya pembeni, wamesongamana, na wote wanatazama nje, wanatutazama sisi. Hakuna anayeongea na mwenzake. Nyuma yao kuna kitu cha rangi rangi: kanga, zimeshikwa juu na wanawake kama ukuta.

Rozina anaeleza bila kuondoa macho. Mwanamke akishikwa na uchungu kwenye pantoni, wanaume hugeuka wakatazama maji. Hakuna anayewaambia. Mtoto akilia, wanageuka tena, wanaanza kuulizana ni wa kike au wa kiume.

"Kwa hiyo tukiona migongo yao...?"

"Tukiona migongo yao, amelia."

Pantoni inakuja. Nyuso zinakuwa kubwa. Sasa unaweza kuwatambua mmoja mmoja: mzee mwenye kofia ya pama, kijana mwenye baiskeli. Wanatutazama. Kijana wa baiskeli amefumba macho.

Rozina amekaa tena. Amechukua kiazi, hakimenyi. Vidole vyake viwili na gumba vinakibonyeza kiazi na kukiachia, kukibonyeza na kukiachia. Midomo inacheza bila sauti. Dereva wa lori la pamba, ambaye leo yupo tena, ameacha supu yake ipoe.

"Nesi," anasema, "labda ndiyo kwanza anazaa."

"Kanga zimeshushwa chini," Rozina anasema. "Wameinama wote. Mtoto ameshatoka."

Injini ya pantoni inasikika vizuri sasa. Wanaume bado wanatutazama. Mzee wa pama anashika kofia yake kana kwamba kuna upepo, na upepo hakuna.

Kisha kijana wa baiskeli anafumbua macho. Anageuza shingo kidogo, kwa woga, kama anayetazama kwa kuibia. Halafu anageuka mwili mzima. Mzee naye. Halafu reli nzima ni migongo, mashati, mizigo, na kelele za watu wanaoulizana.

Rozina anaweka kiazi kwenye sufuria, na maganda yake.

Ngazi ya pantoni inapogonga gati, hakuna anayeshuka kwa utaratibu, kama siku zote. Malori yanapiga honi. Katikati ya vurugu anatoka Adongo, ndoo nyeupe mkononi, beseni kichwani, gauni limelowa mpaka magotini. Nyuma yake bibi mmoja wa Kisukuma amekumbatia kanga iliyoviringishwa, na ndani ya kanga kuna mtu mdogo sana ambaye amekasirika. Mama yake, msichana anayeitwa Kija, anashushwa na wanawake wanne juu ya kiti kilichong'olewa ndani ya basi, ametokwa jasho na anauliza kama viatu vyake vimeonekana.

Adongo anatua ndoo mbele ya Rozina.

"Kalikataa kulia," anasema.

"Ulimfuta?"

"Nilimfuta mpaka nikaogopa atatoka ngozi. Kimya. Kamelegea kama nguo."

"Shingo?"

"Nilimwekea kitambaa mabegani. Nikaminya, kifua hakipandi. Nikasema nimekufa mimi. Nikaangalia, kumbe kikombe kimekaa upande, hewa inatokea shavuni. Nikakibana. Kikapanda." Anainua vidole viwili na gumba. "Kikapanda, dada. Kama rambo. Nikaminya, nikaachia, nikaminya. Bibi anapiga kelele, wanawake wanaomba, mimi naangalia kifua. Mpaka kakakunja uso. Halafu kakanipigia kelele kama namdai."

Rozina anamsogelea bibi, anafunua kanga kidogo. Ni wa kike. Anamtazama kifuani, anamgusa nyayo, anamsikiliza akilia. Anafunika tena.

"Bibi, nendeni mjini hivyo hivyo, wakamwangalie vizuri. Mpakateni kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, muwafunike wote wawili. Dereva, wewe wa pamba, nani yuko mbele ya gari lako?"

"Hakuna mtu."

"Sasa wapo watatu."

Dereva anaacha supu, anatafuta ufunguo.

Adongo amekaa kwenye benchi. Anahesabu mayai kwenye beseni. "Wameniibia mayai," anasema. "Mimi naokoa mtu, wao wanakula mayai yangu."

"Wanaume wamegeukia maji?"

"Wamegeukia maji, mikono imegeukia huku."

Ni Rozina anayeanza kucheka, kisha wote, kisha Rozina anafuta macho kwa ncha ya kilemba na hachagui anacheka au anafanya lile lingine. Anakichukua kikombe cha mpira, anakiosha, anakitumbukiza kwenye maji yanayochemka aliyoyateleka asubuhi kwa chai. Leo chai ya saa tano haipo Kigongo, na hakuna aliyelalamika.

Akiulizwa sasa anataka nini, hachukui muda. Anataka mfuko wa pili. Amesikia kuna hospitali ya misheni inayobadilisha vifaa vyake, na ameshaomba dada yake mwalimu amwandikie barua nzuri. Huo utakaa Busisi kwenyewe, kwa mama mmoja muuza uji anayeshinda pale pale wanapongojea pantoni. Mheshimiwa ameshashonewa kifua kipya kwa ajili yake, na Jumapili Rozina atavuka kwenda kuanza masomo.

"Miaka yote ile nilikuwa ndani ya chumba," anasema. "Nilikuwa natoka nje namkuta baba au bibi amekaa kwenye benchi, namwambia tulieni, mtoto mzima, narudi ndani. Sikujua ile benchi ikoje. Leo nimekaa." Anatikisa kichwa. "Ni mbaya ile. Na nikipata mfuko wa pili nitakuwa nimekaa kwenye benchi mbili kwa wakati mmoja."

Anakitoa kikombe kwenye maji, anakikausha kwa kitambaa kipya, anakirudisha ndani ya ndoo na kufunga mfuniko. Nkwabi anapiga honi. Magari ya kwenda Busisi yameshapanda. Rozina anamkabidhi Adongo ndoo kwa mikono miwili.

"Wahi," anamwambia. "Wanangoja kule."